Mshono wa Mama Sponji

Watu wa mtaani walipompa jina la Mama Sponji walikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ilionekana kwa macho: hakuna siku aliyotoka karakanani bila vipande vya sponji kwenye nywele, mabegani na hata kwenye nyusi. Ya pili ilihitaji kumjua. Ukimbonyeza, anarudi vilevile alivyokuwa. Mume alimwacha akaenda kuanza maisha kwingine, naye kwa miaka kadhaa akawaambia majirani kwamba bwana amesafiri kikazi. Majirani walijua. Walishamwona huyo msafiri sokoni, kambeba mtoto wa mke mwingine begani. Lakini nani angeanza kulisema? Walimuuliza, "Habari za bwana?" naye akajibu, "Nzuri tu, anawasalimu," na kila mmoja akashika njia yake.

Kazi yake ilikuwa kuvika makochi. Aliirithi kwa baba yake, fundi wa zamani aliyekuwa na maneno machache, na katika hayo machache moja alilirudia mpaka likawachosha watoto: "Mteja anakalia kitambaa, hakalii mbao." Maana yake, ndani kukiwa na springi iliyochoka au ubao wenye ufa, wewe vuta kitambaa, kaza, shona, mshono usionekane. Binti akalishika somo hilo kuliko alivyolishika lolote la shule. Alishona kwa sindano iliyopinda, na mshono wake ulizama ndani ya kitambaa hata ukipitisha kidole usiuhisi. Alijisifu waziwazi. "Mkono wangu haufumuliwi," alikuwa akisema.

"Na mdomo wako haufungiki," alijibu mdogo wake.

Mdogo wake huyo ndiye aliyetengeneza fremu. Walimwita Randa, kwa sababu ya randa yake ya mbao isiyomtoka mkononi, na pia kwa sababu maneno yake yalikwaruza. Walifanya kazi pamoja kwenye banda la mabati nyuma ya nyumba waliyoachiwa na baba, yeye upande wa mbao, dada yake upande wa vitambaa, na katikati redio moja ambayo kila mmoja alitaka iseme anachotaka yeye.

Siku moja mwalimu mmoja mstaafu akaleta kochi lake. Lilikuwa limekaa barazani misimu mingi, likanyeshewa, likapigwa jua, likanuka panya. Utaratibu wa kazi ni kung'oa pini moja moja kwa bisibisi. Ni kazi ya subira, na Mama Sponji siku hiyo subira alikuwa ameisahau nyumbani. Kitambaa kile kilikuwa cha kutupwa, cha nini kukibembeleza? Akaligeuza kochi miguu juu, akachukua kisu kile kirefu cha kukatia sponji, akapasua upande wa chini kwa mkupuo mmoja.

Kochi likalia.

Kilikuwa kilio chembamba, kikali. Pamba kuukuu zikaporomoka sakafuni, na pamoja nazo akaanguka mtoto wa paka, wa kijivu, mdogo wa kutosha kulala kwenye kiganja. Paja lake la nyuma lilikuwa limepasuliwa na kisu. Randa aliingiza mkono ndani ya kochi akatafuta wengine. Akawatoa wawili, wamekwisha kukauka. Walipompigia mwalimu simu, alisema ni kweli paka mmoja alikuwa akizaa pale barazani, ila aligongwa na gari, na wao wakadhani wanawe wameondoka.

"Basi huyu umemwokoa, dada," Randa alisema. "Angekufa njaa humo ndani."

"Nimemkata."

"Umemwokoa, ukamkata. Vyote viwili."

Hapo ndipo Mama Sponji alipofanya jambo ambalo mimi sijui nani mwingine angelifanya. Mpishi angekimbilia maji ya moto. Mkulima angechuma majani. Yeye aliona kitu kimepasuka, na kwa vitu vilivyopasuka alijua dawa moja tu. Alipangusa damu juujuu kwa kitambaa safi, akaipitisha sindano yake iliyopinda kwenye spiriti ya kuondolea gundi, akachagua uzi mwembamba kuliko wote, akamwambia Randa amfunge mnyama kwenye taulo na amshike. Akashona. Alipomaliza, lile jeraha lilikuwa mstari usioonekana chini ya manyoya.

Randa, ambaye sifa humtoka kwa shida, aliinama akatazama. "Hii ungeifanya kwenye kochi la waziri," alisema, "wangekupigia makofi."

"Usipoziba ufa utajenga ukuta," Mama Sponji akajibu, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akacheka.

Mtoto wa paka akaitwa Kipande. Akatengenezewa kitanda cha mabaki ya sponji na mahameli nyekundu, kitanda ambacho wateja wengine walikionea wivu. Siku za mwanzo alikunywa maziwa, akala samaki aliyepondwapondwa, akajaribu kukimbiza uzi na kuanguka. Mama Sponji alimwonyesha kila aliyeingia. Alimgeuza, akafunua manyoya: "Ona. Uuone mshono kama utauona." Watu hawakuuona, wakastaajabu. Siwezi kumlaumu kwa furaha ile. Nyumba ambayo kwa miaka haikuwa na wa kumpokea jioni sasa ilikuwa na mtu mlangoni, hata kama mtu huyo alikuwa na mkia.

Kisha paja likaanza kuvimba.

Ulianza uvimbe mdogo, wa kujifanya haupo. Mama Sponji akasema ndivyo vidonda vinavyopona. Kesho yake paja lilikuwa gumu na la moto, na Kipande akaacha kufuata uzi. Akajichimbia nyuma ya rundo la springi. Maziwa yakaganda kwenye kisahani. Halafu ikaja harufu. Ilikuwa ndogo kwanza, akaifagia. Ikarudi, akasema ni gundi mpya. Ikarudi tena, na hapo akachukua kitambaa cheupe, akalifunga paja lile vizuri, kwa fundo dogo la kupendeza, akanyunyiza manukato.

"Dada," Randa alisema akiwa upande wa mbao, bila kuinua kichwa. "Huyo ananuka."

"Ni kitambaa."

"Fumua mshono. Kuna kitu ndani."

"Mshono wangu haujafumuka na hautafumuka! Umeona uzi umekatika? Umeona hata tundu moja limeachia?"

"Mficha maradhi kifo humuumbua," Randa akasema. Hakuwa anatania.

Alimkasirikia. Alimkasirikia mdogo wake kwa sababu alikuwa amesema kweli, na hakuna hasira mbaya kama hiyo. Alifanya kazi mpaka mchana bila kumsemesha, akikaza vitambaa kwa nguvu kuliko inavyohitajika, na alipokwenda kumtazama Kipande akamkuta amelala ubavu, ulimi umetokeza, pumzi zinakwenda mbio. Akamnyanyua. Moto wa mwili ule ulipenya mpaka kwenye kiganja chake. Akatoka bandani mbio na aproni kiunoni, mkasi ukiwa bado unaning'inia shingoni, akaliacha kochi la watu katikati ya sakafu.

Daktari wa mifugo alikuwa mama wa makamo mwenye mabuti ya mpira, aliyezoea ng'ombe na mbuzi. Chumba chake kilinuka dawa ya kupe. Mama Sponji alimkuta anaosha mikono.

"Karibu, mama. Habari za leo?"

"Nzuri, daktari. Paka wangu anakufa."

Daktari hakucheka. Amewasikia wengi wanaoanza na "nzuri". Alifungua kitambaa kile chenye manukato, akabonyeza paja taratibu, akapitisha kidole mara mbili kabla hajauhisi uzi.

"Nani ameshona?"

"Mimi."

"Umeshona vizuri sana," daktari alisema, "na hiyo ndiyo shida. Ungeshona vibaya usaha ungepata pa kutokea. Wewe umemfungia mwizi ndani ya nyumba, ukatia na kufuli."

"Nilisema nizibe ufa kabla…"

"Ufa wa ukuta unazibwa, mama. Wa mwili unasafishwa kwanza. Kisu chako kilikuwa kinapita kwenye uchafu wa miaka, na uchafu wote umeuacha humo ndani."

Akakata uzi. Sitaeleza kilichotoka. Kipande alipiga kelele za kitu kinachotaka kuishi, akapiga teke, akakwaruza meza, na Mama Sponji aliyemshika alitazama mshono wake ukiachia tundu baada ya tundu. Daktari akaosha kidonda kwa maji ya chumvi akitumia bomba la sindano lisilo na sindano, akachoma dawa, akampa na nyingine ya kwenda nayo nyumbani, kisha akamtazama Mama Sponji usoni.

"Sasa nisikilize. Kidonda hiki kinapona kutoka chini kuja juu. Utakiosha asubuhi na jioni. Ukikuta kimejifunga juu, kifungue. Atalia. Wewe fungua. Kisifunge juu kabla ya chini, umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Alielewa kwa masikio. Kwa mikono ilikuwa habari nyingine. Mikono ile ilikuwa imefunga vitu maisha yake yote, na sasa kila asubuhi ilitakiwa ishike kingo mbili za ngozi, izitenganishe zilizokuwa zinakaribiana, na imsikie mtoto akilia. Kipande alilia kwa sauti iliyofika barabarani. Alimtazama. Hilo ndilo lililomwumiza zaidi: alimtazama yeye usoni, mtu yule yule mwenye maziwa na samaki, kama anayeuliza amekosa nini. Randa alipoombwa kusaidia alishika siku moja tu, akaweka taulo chini, akaenda nje kuvuta sigara, yeye aliyekuwa ameshaacha kuvuta.

Hata hivyo Kipande alipata nafuu. Homa ikashuka, akalamba maziwa, akasimama kwa miguu mitatu. Na ndipo ikaja asubuhi ambayo Mama Sponji alifungua bandeji, akakuta kidonda kimejifunga. Kilikuwa kimefunga kwa ukoko mwembamba, mkavu, ulionyooka. Kilipendeza. Jicho la fundi likapenda lilichoona. Kipande alikuwa ametulia, anakoroma kidogo mapajani, na ule ukoko ulikuwa kazi nzuri, safi, isiyo na mtu wa kuilaumu.

"Leo tumwache apumzike," akajiambia. Jioni akajiambia hivyohivyo. Asubuhi iliyofuata hakujiambia chochote, akampita tu kwenda kazini.

Ndugu msomaji, ningekuwa na uwezo ningemshika mkono. Lakini huruma nayo ina upofu wake, na mtu aliyechoka kusikia kilio hawezi kuambiwa kwamba ukimya ni mbaya zaidi.

Ukimya ulikuja siku hiyohiyo. Mchana alimkuta Kipande amelala nje ya kitanda chake, kwenye sakafu baridi. Paja lilikuwa limejaa kuliko mara ya kwanza. Alimwita, sikio halikucheza. Akamgusa mdomo kwa kidole chenye maziwa, mdomo haukufunguka. Akampigia daktari simu. Simu ikaita, ikaita, ikapokelewa mahali penye upepo na ng'ombe anayelia.

"Niko mbali, mama, kuna ndama amekwama tumboni. Siwezi kuja mpaka kesho."

"Kesho hatakuwepo!"

"Basi fungua mwenyewe."

"Mimi? Daktari, siwezi, mimi ndiye nili…"

"Chemsha wembe. Kata pale palipojifunga, pale tu. Bonyeza, osha mpaka maji yatoke meupe, mpe dawa niliyokuachia. Usinisubiri, mama. Ukinisubiri utanisubiri na maiti." Simu ikakatika.

Alichemsha wembe kwenye sufuria ya chai. Alikuwa analia kwa sauti wakati huo, na hakujali nani anasikia. Randa aliacha randa yake, akaja akatandika taulo kwenye meza ya kukatia vitambaa, akakishika kichwa cha Kipande kwa vidole viwili. Hakukuwa na haja. Mnyama hakuwa na nguvu ya kukataa.

"Shika wewe wembe," dada akasema. "Una mkono mwepesi."

"Mimi mkono wangu ni wa mbao, dada. Nitamchana."

"Nimeshamkata mara moja! Nimemshona akaoza! Nimemhurumia akaoza tena! Huyu mtoto kila nikimgusa namuua. Sasa nimguse tena?"

Randa alimsogezea wembe. "Hakuna mwingine hapa," akasema.

Akakata. Ukoko ule ulionyooka ukafunguka, na harufu ikajaa banda zima, ikafika nje. Alibonyeza, akaosha, akabonyeza, akaosha. Kipande hakulia. Mama Sponji alikuwa ameomba siku zote asikie kimya wakati wa kuosha, na sasa alipokipata alitamani kukirudisha kwa gharama yoyote. "Lia," alimwambia. "Lia basi. Nikwaruze." Macho ya paka yalikuwa nusu wazi, hayamtazami mtu.

Baada ya hapo hakufanya kazi nyingine. Aliketi sakafuni na kile kitanda cha mahameli mapajani, chupa ya maji ya moto imefungwa kwenye kitambaa, bomba dogo la maji ya sukari mkononi. Alidondosha tone pembeni ya mdomo. Tone likatoka. Akadondosha jingine. Mara nyingine koo lilicheza, mara nyingine hapana. Asubuhi alifungua kidonda, akaosha. Jioni alifungua, akaosha. Kila mara kingo zilijaribu kukutana na kila mara akazitenga. Daktari alipofika, mabuti yakiwa na tope, alichoma dawa nyingine, akasikiliza moyo, akasema, "Umefungua vizuri." Alipoulizwa kama atapona alisema, "Bado yupo," akaondoka, maana kusema zaidi ya hapo kungekuwa uongo.

Mwalimu mstaafu naye akaja kuulizia kochi lake. Alilikuta limebaki mifupa, miguu bado juu. Akamkuta fundi chini, nywele hazijachanwa, hakusimama kumpokea.

"Habari za kazi, fundi?"

Mama Sponji alifungua mdomo kusema nzuri.

"Mbaya, Mwalimu," akasema. "Mbaya sana. Sijagusa kochi lako. Nilimshona huyu na uchafu ndani, nikawaonyesha watu mshono. Anakufa kwa sababu yangu. Nyumbani sina wa kumwambia. Bwana hajasafiri, aliniacha zamani."

Randa akasimamisha msumeno. Mwalimu, mzee wa watu, alikuja kwa ajili ya kochi na sasa alikuwa amekabidhiwa ndoa nzima. Alivua kofia yake. Alitafuta pa kukaa, akakosa, akakaa kwenye fremu ya kochi lake mwenyewe, kwenye mbao tupu.

"Pole, mwanangu," akasema. "La bwana tulikuwa tunalijua. La paka ndiyo nalisikia leo." Akakunja mikono ya shati. "Nikushikie nini?"

Akashika bakuli la maji ya chumvi. Ilikuwa saa ya kuosha. Mama Sponji alifungua bandeji. Kidonda kilikuwa kimekaa wazi, chekundu, kibaya, hakina uzuri wowote wa kumwonyesha mteja. Akainama karibu, akanusa. Hakuamini, akanusa tena. Kilinuka damu na chumvi tu. Kule chini kabisa, nyama mpya ilikuwa imeanza kujaa, na juu kingo zilikuwa zimegusana kidogo, kwa ukoko mdogo.

Hakutaka kuugusa. Mwili wake wote ulimwambia auache, umefunga vizuri, mwache mtoto alale. Machozi yakamshuka mpaka kidevuni. Akaweka dole gumba upande huu na kidole upande ule, akavuta.

Kipande akapiga ukelele. Shingo, iliyokuwa imelegea tangu siku ya wembe, ikageuka ghafla, na meno yakazama kwenye nyama ya dole gumba lake mpaka damu ikatoka. Bakuli likamponyoka Mwalimu. Randa akaja mbio.

"Vuta mkono, dada! Vuta mkono!"

Hakuvuta. Aliuacha palepale, damu inamtiririka mpaka kwenye kiwiko, analia na kucheka kwa pamoja mbele ya mteja wake na mdogo wake, na chini ya meno yale alihisi taya dogo likikaza, likikaza tena, kwa nguvu zote lilizokuwa nazo.

"Uma," alimwambia. "Uma, mwanangu. Uma."